Mkalimani na Mwongozaji: Herbert Selpin, Filamu Zake za Afrika ya Mashariki na Mwalimu wa Kiswahili wa Berlin



Yamkini wapo miongoni mwenu waliojiuliza, walipoliona tangazo la mhadhara huu, mtu wa isimu ana shughuli gani na mwongozaji wa filamu wa Kijerumani. Swali hilo ni la haki. Herbert Selpin hakuwa mtaalamu wa Kiswahili, wala jina lake halimo katika historia yoyote ya lugha yetu niliyowahi kuwasomesha wanafunzi. Hata hivyo, filamu zake mbili zinahusu nchi ambayo leo ni Tanzania Bara: moja ya mwaka 1934, nyingine ya mwaka 1941. Katika zote mbili alicheza mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye, katika miaka hiyohiyo, aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Berlin kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Ninakusudia kuwaeleza maisha na kazi ya Selpin, na kuonyesha kwamba hatuwezi kumpima mwongozaji huyo kwa haki iwapo tutamwacha nje mwalimu yule.

Mwongozaji

Selpin alizaliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini, akaingia katika kazi ya filamu kwa mlango wa nyuma, kama walivyoingia wengi wa rika lake. Alianza kwa kujifunza katika kampuni ya UFA wakati F. W. Murnau alipokuwa akitengeneza Faust, iliyotoka mwaka 1926. Baadaye akawa mhariri wa picha. Wanaojua kazi ya uhariri wa filamu watakubali kwamba ni shule nzuri: mhariri hujifunza mapema kwamba maana ya tendo hutegemea kile kilichowekwa kabla yake na kile kinachofuata. Sisi wanaisimu tuna jina letu la jambo hilo, nalo ni muktadha.

Filamu yake ya kwanza akiwa mwongozaji, Chauffeur Antoinette, ilitoka mwaka 1932. Zilizofuata nyingi zilikuwa za kuburudisha: vichekesho, mapenzi, visa vya kijasiri. Mwaka 1935 alitengeneza filamu kutokana na tamthiliya ya Oscar Wilde, na mwaka 1937 akatengeneza Alarm in Peking, kuhusu vita vya Mabondia nchini China. Baina ya mwaka 1938 na 1941 alimwongoza Hans Albers, aliyekuwa nyota mkubwa wa sinema ya Kijerumani, katika filamu tano. Kwa ufupi, alikuwa fundi hodari na mwepesi, aliyeifahamu kazi yake na ambaye kampuni za filamu zilimtegemea. Sioni sababu ya kumwita msanii mkubwa, na sioni sababu ya kumdharau.

Tukumbuke pia ni wakati gani huo. Wanazi walishika dola mwaka 1933, na tangu hapo filamu zote za Ujerumani zilipita chini ya jicho la Joseph Goebbels, waziri wa propaganda. Waongozaji wengi, Wayahudi na wasiokuwa Wayahudi, waliihama nchi. Selpin alibaki, akafanya kazi.

Hadithi iliyoitwa Kwa Heri

Mwaka 1934 ulitimiza nusu karne tangu Ujerumani ianze kujitwalia makoloni barani Afrika, na makoloni yenyewe yalikuwa yamekwisha kupotea kwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Ndipo Selpin alipotengeneza Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, yaani "Wapanda Farasi wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani". Filamu hiyo ilitokana na hadithi ya mwandishi Marie Luise Droop ambayo jina lake, mabibi na mabwana, lilikuwa la Kiswahili: Kwa Heri.

Naomba nitue hapa kidogo. Msomaji wa Kijerumani aliyekiona kitabu chenye jina hilo hakuhitaji kukijua Kiswahili. Maneno hayo yalifanya kazi ya harufu, kama karafuu ndani ya kabati: yalimkumbusha nchi aliyoambiwa kwamba ilikuwa yake na kwamba alinyang'anywa. Kwetu sisi kwaheri ni dua kabla ya kuwa maagano. Tunamtakia mwenzetu heri, awe anaondoka au anabaki. Katika hadithi ya Droop ni mlowezi anayeaga shamba. Dua imechukuliwa, na anayeombewa heri kabadilishwa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mlowezi wa Kijerumani na rafiki yake Mwingereza wanajikuta maadui vita vinapozuka mwaka 1914. Urafiki huo ndio ulioiponza filamu. Vita vingine vilipoanza mwaka 1939, Wanazi wenyewe waliipiga marufuku, kwa kuwa Mwingereza aliyeonyeshwa humo hakuwa adui wa kutosha. Baada ya mwaka 1945 mataifa yaliyoshinda nayo yakaipiga marufuku, kwa sababu yalihesabu kwamba inatukuza vita. Ni filamu chache zilizolaaniwa na pande zote mbili, na kwa hoja zinazopingana. Lakini katika hoja hizo zote hakuna aliyeuliza juu ya Waafrika waliomo ndani yake.

Mmoja wao aliigiza kijana wa kupeleka ishara za kijeshi. Katika uhai wake halisi aliwahi kuwa kijana huyo.

Mwalimu

Jina lake alilopewa na wazazi ni Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani ilimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, mtoto wa askari mwenye asili ya Sudani. Mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka kumi, aliingizwa jeshini pamoja na baba yake, akapewa kazi ya ishara. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini, mwezi Oktoba 1917, akatekwa na Waingereza. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Alikuwa na dai: mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Serikali ilimjibu kwamba muda wa kudai ulikuwa umekwisha.

Ujerumani ya miaka ile ililipenda sana neno letu askari. Lilikuwa limeingia katika lugha yao likiwa na sifa moja isiyobanduka, "mwaminifu", na katika mikutano ya waliokuwa wakiyalilia makoloni, askari mwaminifu alisimuliwa kwa machozi. Ila askari mwenyewe alipobisha hodi na kudai ujira wake, neno lilibaki na mtu akafukuzwa. Wanafunzi wa semantiki wanaotafuta mfano wa neno lililoachana na kirejelewa chake, huu hapa.

Hakurudi nyumbani. Alioa, akawa mhudumu katika mikahawa, akacheza nafasi ndogondogo katika filamu zaidi ya ishirini, na akawa msaidizi wa lugha katika Chuo Kikuu cha Berlin, palipokuwa na profesa mashuhuri wa lugha za Kiafrika, Diedrich Westermann. Kazi hiyo ya msaidizi wa lugha ina historia ndefu. Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin ilifunguliwa mwaka 1887, na tangu mwanzo profesa Mjerumani alifundisha sarufi ilhali mzungumzaji mzawa alifundisha kila kitu kingine. Sleman bin Said, Amur bin Nasur, Mtoro bin Mwinyi Bakari: hao walitangulia, na Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903, iliyotoka chini ya jina la Carl Velten, kwa sehemu kubwa ni kalamu ya Mtoro. Mahjub anaingia katika safu hiyo. Wanafunzi waliojifunza Kiswahili Berlin katika miaka ya 1930, na miongoni mwao walikuwamo waliotarajia kurudi kututawala, walijifunza matamshi kutoka kinywani mwake.

Wengi wetu tunaijua miaka ya 1930 kwa jambo moja, nalo ni usanifishaji: Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 na kamusi za Frederick Johnson zilizotoka mwaka 1939. Hiyo ndiyo historia tunayoiandikia mitihani. Mwalimu wa Dar es Salaam anayefundisha asubuhi na jioni kuvaa sare ya askari mbele ya kamera hamo ndani yake.

Msovero, mwaka 1884 na mwaka 1941

Sasa nifike kwenye filamu ambayo hasa ndiyo iliyonivuta. Carl Peters ilitoka mwezi Machi 1941. Selpin aliiongoza na pia alishiriki kuandika mswada wake pamoja na Ernst von Salomon, aliyepata kufungwa kwa kushiriki katika njama ya kumuua waziri Walther Rathenau mwaka 1922, na rafiki yake Walter Zerlett-Olfenius. Hans Albers ndiye Peters. Maadui ni Waingereza, wanasiasa wa upinzani katika Bunge la Ujerumani na ofisa Myahudi. Vita vilikuwa vimeifunga njia ya Afrika, kwa hiyo Afrika ilijengwa Ulaya, na miongoni mwa waliowekwa kuwa "wenyeji" walikuwamo wafungwa wa kivita Weusi waliotekwa katika jeshi la Ufaransa. Hebu fikirieni mfungwa aliyetoka Afrika ya Magharibi akiamriwa awe Mwafrika wa Usagara ili mlinzi wake apate kuburudika.

Kila aliyepita shule ya msingi hapa kwetu anaijua habari ya Mangungo wa Msovero. Mwishoni mwa mwezi Novemba 1884 Peters alimtia saini katika hati iliyompokonya nchi. Hati yenyewe inadai kwamba maelezo yake yalifikishwa kwa Mangungo waziwazi na mkalimani aliyeitwa Ramazan, na kwamba Mangungo alitamka kuwa hamtegemei Sultani wa Zanzibar wala hata hajui kama yupo. Katika hati hiyo nzima, uhalali unaning'inia kwenye ulimi wa mtu mmoja. Ikiwa Ramazan alifasiri kweli, Mangungo alijua anachokitoa. Ikiwa hakufasiri, au Kijerumani cha kisheria hakikuwa na maneno ya kukibeba katika lugha iliyotumika pale, basi hakuna mkataba. Na maneno ya Ramazan ndiyo pekee ambayo hayakuandikwa.

Katika filamu ya Selpin, Mahjub bin Adam anaigiza Mwafrika mwaminifu anayeandamana na Peters. Ni nafasi kubwa kuliko zote alizopata maishani mwake, na mhusika huyo anaitwa Ramasan.

Wajerumani huitamka s moja baina ya irabu kama z yetu, kwa hiyo Ramasan na Ramazan ni jina moja, nalo ni Ramadhani. Tusiharakishe kusema kwamba mtu huyo alitoka pande za Waajemi au Waturuki wanaotumia z katika jina hilo. Mjerumani hana dh, na huandika alichoweza kusikia. Lakini hili ni jambo la pembeni. Lililo zito ni kwamba jina la mkalimani lilisafiri kutoka hati ya mwaka 1884 hadi filamu ya mwaka 1941, na aliyevikwa ni mtu ambaye kazi yake halisi ilikuwa kufasiri: mwalimu wa lugha. Waliotengeneza filamu walikuwa naye mikononi. Kama wangependa kujua Msovero palisemwa nini, au pangeweza kusemwa nini, alikuwapo wa kuulizwa. Wao walitaka uaminifu wake tu.

Peters wa kweli alihukumiwa na Wajerumani wenyewe. Akiwa kamishna wa Kilimanjaro, mwaka 1891 na mwanzoni mwa 1892, aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na mwanamke aliyeitwa Jagodja. August Bebel aliyafichua hayo bungeni mwaka 1896, na mwaka uliofuata Peters akafukuzwa katika utumishi wa serikali. Huku kwetu alibaki na jina la Mkono wa Damu. Hitler alimsafisha rasmi mwaka 1937, na filamu ya Selpin ikaja kuukamilisha usafishaji huo kwa picha: unyongaji ukawa ulinzi wa utaratibu, na waliomshtaki wakawa wasaliti. Mhariri wa zamani aliijua kazi yake. Ukibadilisha kinachotangulia tendo, umelibadilisha tendo.

Serikali iliitunuku filamu hiyo sifa rasmi za thamani ya kisiasa na ya kisanaa. Mahjub aliondoka Chuo Kikuu mwaka huohuo wa 1941. Mwezi Agosti alikamatwa na Gestapo kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, kosa lililoitwa kuichafua damu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, wakati filamu aliyoonekana humo akiwa rafiki wa Wajerumani ingali mpya.

Titanic

Kifo cha Selpin kinajulikana zaidi kuliko filamu zake, kwa hiyo nitakipitia haraka. Mwaka 1942 alikabidhiwa na kampuni ya Tobis filamu ya gharama kubwa kuhusu kuzama kwa meli ya Titanic, iliyokusudiwa kuonyesha uchu wa matajiri wa Kiingereza. Picha nyingi zilipigwa ndani ya meli ya Cap Arcona, bandarini Gotenhafen. Zerlett-Olfenius alitumwa huko atangulie. Selpin alipofika alikuta kazi imekwama, na maofisa wa jeshi wakiwasumbua waigizaji wa kike. Kwa hasira alilitukana jeshi. Rafiki yake akampeleka mbele ya wakubwa. Goebbels alimwita mwishoni mwa mwezi Julai, akamtaka ayafute maneno yake, Selpin akakataa. Tarehe 1 Agosti 1942 alikutwa amekufa katika mahabusi, akining'inia. Tangazo rasmi lilisema amejiua.

Filamu ilimaliziwa na Werner Klingler, ikaonyeshwa Paris mwezi Novemba 1943, na Goebbels akaizuia isionyeshwe Ujerumani, ambako watu waliokuwa wakipigwa mabomu kila usiku hawakuhitaji kuonyeshwa hofu ya umati. Cap Arcona yenyewe ililipuliwa na ndege za Kiingereza tarehe 3 Mei 1945, ikiwa imejaa maelfu ya wafungwa wa kambi za mateso, na wengi wao walikufa.

Kutokana na kisa hiki, Selpin husimuliwa kama mhanga wa Unazi, na mhanga alikuwa. Kukataa kuyafuta maneno yake mbele ya Goebbels kulihitaji ujasiri ambao sidhani wengi wetu humu ukumbini tunao; mimi mwenyewe sijidai nao. Lakini nawaomba muangalie alichokikataa. Alikataa kuomba radhi kwa kuwatukana maofisa walioharibu kazi yake. Miezi kumi na sita kabla ya hapo alikuwa ameikamilisha Carl Peters, aliyoiandika kwa mkono wake pia, na hakuna mahali katika kazi ile panapoonyesha kwamba mkono ulitetemeka. Kifo chake hakiwezi kuisafisha filamu, kama filamu isivyoweza kumsafisha Peters.

Na nina sababu nyingine ya kutoridhika na simulizi hiyo. Imempata mhanga mmoja katika kundi lile la watengenezaji, ikatosheka. Mahjub bin Adam alikaa Sachsenhausen miaka mitatu, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Miaka mingi ilipita kabla ya mtu kumtaja. Mwaka 2007 Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha kitabu juu ya maisha yake, na mwaka huohuo jiwe dogo la ukumbusho likawekwa mbele ya nyumba alimokaa, mtaa wa Brunnenstraße, Berlin. Mwaka 2013 Eva Knopf alitoa filamu ya kumbukumbu inayomtafuta ndani ya filamu za wengine, akisimama nyuma ya waigizaji wakuu na sinia mkononi. Mahjub kwa Kiarabu ni aliyefunikwa au aliyesitiriwa, na ni shina lilelile la hijabu. Wazazi wake, bila shaka, walikusudia sitara ya Mungu.

Kazi zote hizo zimefanywa na Wajerumani, na ninawashukuru. Iliyobaki ni yetu, kwa sababu inamhitaji mtu mwenye sikio la Kiswahili. Ninamtafuta mwanafunzi wa uzamili atakayeketi mbele ya filamu hizi mbili, Die Reiter na Carl Peters, aandike kila neno lisilo la Kijerumani linalotamkwa humo, nani analitamka, kwa lafudhi gani, na linafasiriwa vipi kwa mtazamaji au linaachwa bila kufasiriwa. Amsikilize hasa mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, aliyejifunza lugha kabla ya Kamati kuisanifisha. Sauti za wazungumzaji wa mwambao wa kizazi kile, zilizohifadhiwa pamoja na picha zao, si nyingi. Gharama ya safari ya kwenda kwenye hifadhi za filamu za Berlin tutaitafuta. Mlango wa ofisi yangu uko wazi kuanzia kesho asubuhi.